Mtoa Taarifa Namba Saba

Msomaji, uliona "mtoa taarifa namba saba" kwenye jarida la dawa za mifugo ukapita, hukuuliza ni nani. Ni mama yangu, wa kijiji cha Getanuwas. Mwaka 2004 alimfundisha mtafiti mizizi yote ya kutibu ndama.

"Jina, mama?"

"Udangashega."

"Na la ukoo?"

Jina hilo lilikuwa la baba mkwe wake, na kwetu mke halitamki. "Subiri watoto watoke machungani, watakutajia."

Mtafiti alicheka. "Mama, gari linaningoja! Nitaweka namba."

Jarida lilitufikia mama akiwa mgonjwa. Aliniomba nimsomee jina lake. Alikufa nikiwa bado nafunua kurasa.

Sasa jarida liko mtandaoni, kusahihisha ni dakika. Mwandikie mhariri leo: Udangashega Gidashang.