Mgeni wa Chumba cha Pasi

Mama Pacha alitandaza shuka la hoteli mezani, akalipitishia pasi, akaligeuza. Chumba cha pasi hakikuwa na dirisha, na tangu hedhi yake ikome, joto lilimpanda kutoka ndani pia. Wanawake wa humo walilipa jina: mgeni. Mgeni akikufikia, unakwenda kusimama mlangoni na kitambaa kibichi shingoni, jirani yako anashika pasi yako bila kuombwa. Walitaniana sana juu yake, maana kucheka hakukatwi kwenye mshahara.

Wiki iliyopita muuguzi wa zahanati alimpima presha, akarudia, akaacha kutabasamu. Alimweleza kuwa hedhi ikishakoma, mishipa ya moyo na ya ubongo hupungukiwa kinga iliyokuwa nayo. Hukakamaa, presha hupanda, na kiharusi hakipigi hodi. Aende hospitali kubwa, asichelewe.

Asubuhi hii aliomba ruhusa. Msimamizi, kijana wa rika la pacha wake, hakuinua macho kwenye simu.

“Mama, hayo ni mambo ya umri tu. Mama yangu naye kayapitia, mbona yupo? Hoteli imejaa, subiri ipungue.”

“Muuguzi kasema nisichelewe, mwanangu.”

“Basi, wiki ijayo tutaona.”

Hakubishana. Aliitafuta hasira moyoni, hakuiona. Alikuwa amechoka tu, akarudi kwenye meza yake.

Kabla ya mchana kichwa kilimgonga upande mmoja na ulimi ukawa mzito. Shoga yake wa meza ya jirani alimwona akiyumba, akacheka kwa upendo.

“Mgeni kaja mapema leo. Nenda mlangoni, nakushikia.”

Mama Pacha naye aliamini ndiye. Alisimama mlangoni na kitambaa chake, akingoja joto lishuke, ila hakusikia joto wala baridi. Akadhani amepata nafuu. Akarudi, akashika pasi kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauacha ulale juu ya shuka.

Shoga yake ndiye aliyesikia harufu kwanza.

“Mama Pacha, mkono wako unaungua.”

“Upi?” aliuliza, na neno likatoka limepinda pamoja na mdomo.

Shoga yake alipiga yowe. Msimamizi alikuja mbio, akaisukuma pasi kando, akalivuta shuka, akaliinua kwenye taa na kulikagua pande zote. Lilikuwa zima. Ndipo alipomtazama Mama Pacha.