Wanaovuka Saa Kumi

Fujo ya kile kibao niliianza mimi, sikatai. Barabara yetu ilipokuwa ya udongo, na mashimo ya kumzika ng'ombe, gari lililopita hapa lilipita kwa adabu. Walipoweka lami tukapiga vigelegele kama wajinga. Wiki haikuisha, magari yakaanza kupita bila simile. Kibao kinasema hamsini, wao wanasoma themanini. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko kibarazani, hatua sita kutoka ukingo wa lami, na kila lori likipita sindano inaruka mshono. Hilo ningelivumilia. La mama yangu ndilo lililonishinda.

Mama alikuwa na mwenzake ng'ambo ya barabara, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa huu, nami nikiwemo. Kwa miaka thelathini na zaidi, ikifika saa kumi alasiri mama alivaa viatu akavuka, wakakaa kwenye ngazi za nyumba ya mkunga wakiwasema watu. Na waliwasema kweli, hakuna aliyesalimika. Mwaka juzi mkunga akafariki kitandani kwake, usingizini, na nyumba ikapigwa kufuli. Mama hakuacha. Saa kumi alivuka, akakaa peke yake kwenye ngazi za nyumba tupu, na saa kumi na moja akarudi. Nilipomuuliza anafuata nini kule, alinijibu, "Wewe ukienda sokoni nakuuliza?" Nikafyata mkia.

Kisha pikipiki ikamkosakosa. Haikumgusa; alirudi nyuma kwa hofu, akaanguka, nyonga ikavunjika. Daktari alisema kwa umri ule labda atasimama tena, labda hatasimama. Nilimtandikia chumba cha mbele, karibu na dirisha, aione barabara yake. Nikaapa kwamba siku atakaposimama ataikuta barabara anayoweza kuivuka. Wala sikuwa na kingine nilichokitaka duniani.

Barua ya maombi aliiandika jirani yetu mwalimu, baba wa mapacha wanaosoma darasa la pili. Alitaka tuianze kwa "haraka haraka haina baraka". Nikamwambia injinia wa barabara hakuajiriwa kusoma methali, amwandikie idadi ya watoto wanaovuka hapa asubuhi. Injinia akaja na kidude chake cha kupimia mwendo, akasimama juani siku mbili, akatikisa kichwa. "Tutaanza na thelathini, tuone," akasema. "Mkiridhika, mtatia saini fomu ya pili, tushuke mpaka ishirini na tujenge matuta." Kibao cha thelathini kikasimikwa Jumanne, mbele ya kibaraza changu. Nilikiangalia siku nzima kama mtu aliyeletewa posa.

Ijumaa yake, saa kumi na dakika chache, lori la maji lilipiga breki mpaka matairi yakalia. Lilisimama katikati ya barabara tupu. Dereva aliruka chini, jasho likimtiririka, akanijia juu pale nilipokaa.

"Dada, wale wazee ni wa hapa?"

"Wazee gani?"

"Wale mabibi wawili! Mnawaacha wavuke peke yao? Wamesimama katikati wameshikana mikono, kidogo niwamalize!"

Nikatazama barabarani. Palikuwa na lami, mtaro, na mbwa wa jirani amelala. Hapakuwa na mtu.

"Kaka, umelala usingizi ukiendesha," nikamwambia.

"Nilale mchana huu? Mmoja amevaa nguo nyeupe za hospitali, kashika mkoba mweusi. Mwingine ana gauni la maua ya bluu." Akakunja uso, kama anayekumbuka kitu kisichoeleweka. "Tena gauni lenyewe halina mkono mmoja."

Gauni la maua ya bluu lilikuwa mapajani mwangu. Nilikuwa namshonea mama, alivae siku atakaposimama. Mkono wa kulia nilikuwa nimeupachika asubuhi ile. Wa kushoto ulikuwa bado umelala chini ya sindano.

Nilimwacha yule dereva pale pale nikakimbilia chumbani. Mama alikuwa amelala chali, macho wazi, hayanioni. Chini ya shuka miguu yake ilikuwa ikisogea taratibu, mmoja, kisha mwingine, kisha ikatulia. Nilimwita mara tatu, hakuitika. Mara ya nne akapepesa macho, akaomba maji.

Nilipomfunua nimwoshe, nyayo zake zilikuwa za moto, kama za mtu aliyepita peku juu ya lami ya jua. Zilikuwa na vumbi. Chini ya kidole gumba zilikuwa zimenasa punje mbili za kokoto nyeusi. Miguu hiyo ilikuwa haijagusa sakafu kwa miezi minne. Kila siku mimi ndiye niliyembeba, mimi ndiye niliyemgeuza.

"Leo tumefika katikati," akasema mama, akalala.

Gauni nililikunja nikalitia kapuni. Sikuwa na mikono ya kulishika.

Tangu siku hiyo nikawa nalinda saa kumi kama askari wa zamu. Kila siku ilikuwa vile vile. Gari litakuja, taa nyekundu za nyuma zitawaka, litasimama mahali pasipo na kitu, litangoja, kisha litaondoka kwa unyonge. Mimi sikuona chochote. Mwalimu naye, nilimsimamisha pale makusudi, hakuona chochote, akaniuliza kama nimekula. Walioona ni wenye usukani tu. Nilipomuuliza dereva wa teksi kilichomsimamisha, alinishangaa: "Si hao bibi zako?"

Dereva wa lori la maji ndiye aliyenieleza yote, maana yeye hupita hapa kila siku, na baada ya ile Ijumaa hakuwa tena mtu wa kunifokea. Alikuwa akisimama, anakunywa maji kibarazani kwangu, anaongea kwa sauti ya chini.

"Kusema kweli, dada, huyu wa maua nilikuwa namwona zamani, tangu kibao cha hamsini. Alikuwa anasimama pale ukingoni. Anaweka mguu mmoja, anaurudisha. Yule wa nguo nyeupe alikuwa ng'ambo, kwenye zile ngazi, anamngoja. Tangu mweke thelathini ndiyo wanakutana katikati. Wanataka kwenda kule, ila upande ule magari yanatoka mteremkoni, bado yana kasi. Basi wanakwama."

"Halafu?"

"Halafu wa maua anageuka nyuma, kama ameitwa. Anarudi huku. Mwingine anarudi kwake peke yake." Akaweka kikombe chini. "Inatia huruma."

Hapo nikaelewa, na kuelewa kule sikukupenda. Anayeita ni mimi. Kila jioni nasimama kitandani naita mama, mama, mpaka arudi. Na kila akirudi anarudi pungufu. Uji aliokuwa anamaliza sasa anauonja. Kwa hamsini alibaki ukingoni, kwa thelathini akafika katikati. Kwa ishirini atafika kule. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiki nilikichimba kwa saini yangu mwenyewe, nikawapigia na wengine kelele waje na majembe.

Fomu ya pili ililetwa na mwalimu siku ya Jumapili. "Fundi, mtaa mzima umeshatia saini. Imebaki yako, na bila yako haiendi, maana ombi liko kwa jina lako."

"Iache hapo. Nina kazi."

Nikaificha chini ya kitambaa cha kufunikia cherehani. Ikapita wiki. Mwalimu akaja tena, nikamwambia naumwa kichwa. Akaja tena, nikamwambia matuta yataharibu springi za magari ya watu.

Alinitazama kama nimerukwa na akili. "Tangu lini wewe ukahurumia springi? Si wewe uliyesema yakianguka magurudumu utapika keki?" Kisha alishusha sauti. "Fundi, jana mmoja wa mapacha alirudi nyumbani ana kiatu kimoja. Kingine kilibaki barabarani, aliponea chupuchupu. Sijui una nini, lakini tafadhali."

Aliondoka bila kuaga vizuri. Nilijiona mchawi. Watoto wa watu wanakoswakoswa na magari ili mimi nibaki na mama yangu, na hata nilipojiona hivyo sikuitoa ile karatasi. Nasema ukweli kama ulivyo.

Jioni ile nilimwita mara saba ndipo akarudi. Mama alinishika mkono.

"Fomu umeificha wapi?"

Sikuwahi kumwambia neno juu ya fomu. "Fomu gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Mwenzangu miguu inamuuma. Kila siku anatoka kuja kunipokea, tunasimama pale, magari yanatupita mbele na nyuma, halafu unaniita narudi. Tumechoka, mwanangu."

"Basi usiende!" nikafoka. Nilimfokea mama yangu mgonjwa, Mungu anisamehe. "Kaa hapa na mimi! Ukifika kule hurudi. Unajua kwamba hurudi?"

"Najua."

"Mimi sitaki ufike."

Alinipapasa kiganja kwa kidole gumba, hivyo alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo nina homa. Macho yake yalikuwa angavu, na yalikuwa na ule ukali wake wa siku zote.

"Mwanangu, sikuombi ruhusa," akasema taratibu. "Nakuomba usimamishe magari."

Nililia mpaka nikaishiwa machozi. Asubuhi nikapiga moyo konde, nikatia saini, nikampelekea mwalimu kabla hajawapeleka watoto shule. Alinyoosha mikono miwili kuipokea akanishukuru sana, nami nikaondoka haraka asinione uso. Lakini najua kazi za ofisi. Saini ya leo, matuta ya mwakani. Na mama asingeweza kusimama katikati ya lami mpaka mwakani.

Kwa hiyo siku hiyo hiyo, saa kumi kasoro, nilimwosha mama, nikamchana nywele, nikambusu kwenye paji la uso. Alinikonyeza tu. Nikachukua kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, nikaenda kusimama katikati ya barabara, mikono nimeinyoosha pande zote mbili kama trafiki.

Upande wa mteremkoni lilikuwa lori la maji. Dereva aliniona kwa mbali akalisimamisha lori akalikingamisha, hakuna wa kumpita. Upande wa pili ikasimama teksi, nyuma yake gari la mizigo, nyuma yake mengine. Honi zikaanza. Mtu mmoja alichungulia dirishani akanitukania ukoo mzima. Kisha wa mbele akanyamaza. Akanyamaza na wa nyuma yake, na yule wa matusi akarudisha kichwa ndani polepole. Barabara nzima ikawa kimya, injini zinanguruma chini chini.

Mimi niliona lami tu. Nikamtazama dereva wa lori, maana macho yake ndiyo yangu. Alikuwa amevua kofia.

"Wako wapi?" nikamuuliza.

"Ametoka mlangoni kwako. Mwenzake ameshakuja kumpokea." Macho yake yalisogea kidogo kidogo. "Wanatembea taratibu. Usishushe mikono, dada."

Pembeni yangu, karibu kabisa, nilisikia harufu ya ile sabuni niliyomwoshea mama dakika chache zilizopita. Ikanipita.

"Wamepita katikati," dereva akasema. Halafu akasita. "Amesimama."

"Nani?"

"Wako. Amegeuka. Anakuangalia wewe."

Neno mama lilinijaa kinywani. Ningelisema mara moja tu angerudi, najua angerudi. Angekunywa uji vijiko viwili, ningekuwa naye usiku ule na labda kesho. Nililimeza. Lilishuka kama mfupa. Niligeukia upande ule ambao sikuona kitu, nikatikisa kichwa kumwambia aende.

"Anaenda," dereva akasema. "Wamefika ukingoni. Wamepanda ngazi. Basi, dada. Wameketi."

Nilishusha mikono. Nikasogea kando nikawapungia kitambaa wapite, wakapita mmoja mmoja, polepole hata kuliko ishirini, na hakuna aliyepiga honi. Nyumba yangu ilikuwa hatua sita nyuma yangu, mlango uko wazi. Nilisimama pale ukingoni mpaka gari la mwisho likapita, kwa sababu kule ndani hapakuwa tena na mtu wa kumkimbilia.