Kucha Zilizoliwa na Tope

Sabina alimpakata mwanawe wa siku kumi na mbili akiogopa kumgusa na akiogopa kunyang'anywa. Malengelenge mapya yalikuwa yametokeza kiunoni na visiginoni. Mama mkwe wake, Ng'washi, alishatoa hukumu tangu nyumbani Buhongwa: maji ya moto ya kumkandia mzazi yamemwagikia mtoto, na Sabina anaficha. Wakitoka hospitali, mtoto anakwenda kwake Misungwi, akalelewe na watu wenye akili. Revocatus, mume wa Sabina, mwanaume mzima na ndevu zake, alikuwa anatazama sakafu tu.

"Shikamoo, mama," daktari Evelina alimwamkia Ng'washi.

"Marahaba. Andika basi kwamba ameungua."

Daktari hakuandika. Alikata uzi wa shanga alizovishwa mtoto na bibi yake. Chini yake malengelenge yalizunguka kiuno chote, mstari mmoja.

"Maji ya moto hayafuati shanga, mama. Ngozi ya juu na ya chini zinaunganishwa na utando mwembamba, ulioshikizwa kwa nyuzi ndogo sana. Za mtoto huyu ni dhaifu. Kitu kikimsugua kidogo tu, ngozi inaachana, maji yanajaa katikati. Mara nyingi ugonjwa huu hurithiwa, na kwa wengine huharibu kucha tu. Kuna mtu kwenu asiye na kucha?"

"Kwetu hakuna," Ng'washi alidakia. "Labda kwao."

Sabina alitazama miguu ya mumewe ndani ya kandambili. Vidole gumba havikuwa na kucha. Kabla ya ndoa aliambiwa ni tope la majaruba, kwamba ukoo wao wote limewala kucha. Naye akaamini! Nusu ya Misungwi wanalima mpunga, na kucha wanazo. Hasira ilimpanda.

"Mama," alisema, "vua soksi."

"Unasemaje wewe?"

"Vua, mama," Revocatus alisema. Hatimaye alikuwa amepata ulimi.

Ng'washi aliinama, akavua. Vidole kumi, bila kucha hata moja.

"Mama yangu walimfukuza nikiwa mchanga," alisema. "Walisema ameniunguza. Sikumwona tena. Na baba aliyemfukuza hakuwa na kucha. Tulisema ni tope."

Alinyoosha mikono kwa mtoto. Sabina akarudi nyuma.

"Simchukui, mwanangu," Ng'washi alisema. "Nionyeshe tu namna ya kumshika."