Mwalikwa wa Alhamisi

Jumanne asubuhi mtunza kumbukumbu wa kampuni alikuwa amepiga magoti sakafuni, mafaili kumi na mawili ya bluu yamemzunguka kama vifaranga, akitoboa karatasi kwa mashine iliyouma upande mmoja tu. Kampuni ilitengeneza programu za kuendesha pampu za dripu, zile zinazohesabu matone ili mgonjwa asipate zaidi wala pungufu. Zilibaki siku sita wakaguzi waje. Kila faili lilitakiwa kuwa na kumbukumbu za kikao kimoja cha mapitio, yaani kikao ambacho watu huketi pamoja na kuisoma programu mstari kwa mstari kabla haijatoka mlangoni. Mafaili yalikuwapo. Vikao havikuwahi kufanyika.

Ukaguzi ulikuwa wa ngazi za ukomavu, nazo ziko tano. Ya kwanza ni ya kampuni zinazofanya kazi kwa kudra ya Mungu na macho mekundu ya mtu mmoja. Ya pili ni ya wanaojua walichofanya jana. Ya tatu ni ya wale ambao kila jambo lina utaratibu ulioandikwa, utaratibu unafuatwa, na ipo karatasi ya kuonyesha kwamba unafuatwa. Ya nne na ya tano zilisimuliwa kwa sauti ya chini na watu ambao hawakuwahi kufika huko. Hospitali zilikuwa zimetangaza kwamba kuanzia mwakani hazitapokea programu kutoka kampuni iliyo chini ya ngazi ya tatu. Wafanyakazi walikuwa sitini, na wote walikuwa na watu nyumbani.

"Hatutungi uongo, dada," meneja alimwambia akiwa amesimama mlangoni na kikombe. "Tunajaza mapengo. Mali bila daftari hupotea bila habari."

"Na daftari bila mali, bosi?"

"Hiyo ndiyo ngazi ya tatu," alisema meneja, na hakuwa akitania.

Akaandika kikao cha kwanza. Akakiweka Jumamosi moja ya miezi mitano nyuma, kwa kuwa watu wengi hawakumbuki Jumamosi walikuwa wapi. Waliohudhuria: watano, yeye mwenyewe akiwa mwandishi. Kasoro zilizoonekana: hakuna. Akachapa, akapiga muhuri, akaenda nyumbani.

Alimkuta mume wake akipangusa vumbi kwenye picha ya binti yao siku aliyohitimu chekechea. Kati ya mtoto na baba yake palikuwa na pengo la upana wa mtu mmoja.

"Mimi nilikuwa wapi hapa?"

"Kikaoni. Si ulituma ujumbe kwamba mnapitia programu?"

Akafikiri kidogo, akakumbuka: viti vya plastiki, projekta iliyovuma kama nyuki, mtu aliyetafuna karanga. Ya chekechea hakukumbuka chochote.

"Aliimba?"

"Aliimba. Ubeti wa pili ukampotea, akarudia wa kwanza."

Kesho yake aliwaeleza wenzake, kwa sababu ni haki ya mtu kujua siku zake zinakokwenda. Karatasi ikishapigwa muhuri, kikao kimefanyika, na saa za kikao lazima zitoke mahali. Hakuna aliyeshtuka. Baada ya dakika kumi palikuwa na foleni mezani pake.

"Shoga, mimi niweke ile Jumanne ya jino," alisema mpimaji, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuzijaribu programu mpaka zishindwe. "Ile niliyolia kwa daktari mpaka mlinzi akaja kuchungulia."

"Mimi niweke siku mama mkwe alipotua bila taarifa," alisema mchoraji wa skrini.

"Alikaa siku tisa, kaka."

"Basi nipangie vikao, mwenzangu. Nipangie tu."

Mpimaji alirudi saa nane akiwa amelishika shavu. Jino lilikuwa limerudi mahali pake, kwa sababu siku ya kung'olewa alikuwa kikaoni. Meneja naye alitoa siku aliyogombana na kaka yake. Ilipoonekana haitoshi, akatoa siku nyingine ambayo hakusema ilikuwa ya nini, akaenda kusimama dirishani kwa muda.

Ijumaa mchana vikao kumi na kimoja vilikuwa vimefanyika. Kilibaki cha mwisho, na ndicho ambacho wakaguzi wangekifungua kwanza: mapitio ya sehemu inayohesabu dozi. Tarehe yake haikuwa ya kuchagua. Sehemu hiyo ilikamilika Jumatano moja ya miezi miwili nyuma, programu ikapelekwa kwenye hospitali kumi na moja Ijumaa yake asubuhi. Mapitio yangeweza kuwa Alhamisi tu. Na utaratibu, ambao mtunza kumbukumbu aliuandika kwa mkono wake mwenyewe kwa kufuata kitabu, ulisema katika kifungu cha nne kwamba mwandishi wa programu lazima awepo.

Mwandishi huyo wa programu walimwita Mabano, kwa kuwa kila sentensi yake ilikuwa na jambo jingine katikati. Alikaa pembeni, karibu na mashine ya maji, na aliwasalimia hata wafagizi kwa kusimama. Mtunza kumbukumbu alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Kaka, nahitaji Alhamisi yako."

"Ile?"

"Ile."

Mabano aliacha kuandika. "Chukua nyingine. Chukua yoyote. Chukua harusi yangu, na mke wangu nitamweleza mwenyewe, ana moyo mkubwa, ataelewa."

"Harusi yako ilikuwa miaka mitatu iliyopita."

"Najua."

Alhamisi ile Mabano alikuwa ameomba ruhusa. Alishinda wodini kando ya kitanda cha mama yake, na mama yake alifariki saa tisa alasiri mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Ofisi nzima ilijua hilo, maana ilichanga na kwenda kuzika. Jambo ambalo mtunza kumbukumbu hakulijua ni la saa nne asubuhi, na Mabano alimweleza sasa, polepole, bila kuweka jambo jingine katikati.

Wodi ile ilikuwa na pampu mbili za majaribio za kampuni. Umeme ulikatika, jenereta ikawaka, na pampu ya mama yake, ilipoamka, ikaanza kuhesabu upya kama ambayo haijatoa tone hata moja. Matone yakakimbia. Mama yake akasema, "Mwanangu, hiki kitu chenu kinakimbia." Mabano aliubana mrija kwa kidole gumba mpaka muuguzi alipofika. Kilichomuua mama si dripu. Madaktari walisema ni figo, na figo zilikuwa zimechoka kwa miaka minne. Lakini alisema, na mwanawe alimsikia, na programu iliyotoka Ijumaa ilikuwa na kosa lile lile. Aliporudi kutoka msibani aliliripoti. Akaambiwa litashughulikiwa baada ya ukaguzi, maana mabadiliko yoyote kwa sasa yangevuruga mafaili.

"Ukiniweka kikaoni," alisema Mabano, "ule mrija nani ataubana?"

Mtunza kumbukumbu alikirudisha kiti mahali pake. Alirudi mezani kwake, akafungua ukurasa mtupu, akaandika tarehe, saa na mahali. Alipofika kwenye neno *Waliohudhuria*, vidole vilisimama. Akatoa kitabu cha utaratibu, akakisoma tangu kifungu cha kwanza hadi cha mwisho. Kilisema nani lazima awepo. Hakikusema popote nani hawezi kualikwa.

Akaandika: *Mama wa mwandishi wa programu (mwalikwa).*

Akaenda kumwonyesha Mabano. Mabano alisoma mstari ule, akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha usoni.

"Mwandike na dada yangu," alisema. "Saa saba alimletea uji. Asije akafika wodini akakuta kitanda hakipo."

"Na lile la matone?"

"Liandike alivyolisema."

Akaliandika chini ya *Hoja zilizoibuliwa*. Kisha akapiga muhuri, na kikao kikawa kimefanyika.

Wote walikikumbuka vizuri. Kitanda kilikataa kupita mlangoni, ikabidi mlango ung'olewe bawaba, na mchubuko kwenye fremu uko pale mpaka leo. Mchoraji wa skrini alishika mguu wa mbele wa kitanda na kulalamika kwamba hakuajiriwa kuwa mpagazi. Mama aliomba projekta izimwe kwanza, ilimuumiza macho, kwa hiyo walisoma programu kutoka kwenye karatasi, mstari kwa mstari, mpimaji akisoma kwa sauti. Saa nne umeme ulikatika, jenereta ikawaka, na mama akasema alilosema. Mabano akaubana mrija. Saa saba dada yake aliingia na chupa ya uji, akaketi nyuma. Saa tisa, wakiwa kwenye Mengineyo, mama alifariki, mkono ndani ya mkono. Meneja alisimama, na wote wakasimama. Kikao kilifungwa saa tisa na dakika kumi.

Jumatatu alikuja mkaguzi mkuu, mama mmoja mpole mwenye kalamu ya kijani. Alisoma kumbukumbu zote kumi na mbili bila kuruka ukurasa. Kwenye ile ya dozi alirudi nyuma, akasoma tena.

"Huyu mwalikwa ni nani?"

Meneja alitoa kitambaa akajifuta shingo.

"Ni mtumiaji," alijibu mtunza kumbukumbu. "Alikuwa ameunganishwa na pampu wakati wa kikao."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Miaka kumi na tano nafanya kazi hii," alisema. "Kila kampuni inaniambia inamsikiliza mtumiaji. Sijawahi kuona iliyomleta na kitanda chake." Kisha akauliza kama hoja aliyoiibua ina namba. Ilikuwa nayo. Ina mhusika? Inaye. Ina hali? Inayo: *wazi, itashughulikiwa katika toleo lijalo.* Mkaguzi aliweka alama tatu za kijani. Hoja yenyewe ilihusu nini, hakuuliza, maana si hilo alilotumwa kulikagua.

Ngazi ya tatu ilitolewa siku ya Alhamisi. Cheti kiliwekwa kwenye fremu ya kioo pale mapokezi, na mpimaji aliyeacha kula nyama kwa sababu ya jino alikula keki.

Kwa kuwa ngazi hutunzwa, kuanzia hapo vikao vya mapitio vilifanyika kweli, kila Alhamisi saa tatu. Kifungu cha saba kilisema kwamba aliyeibua hoja atahudhuria kila kikao mpaka hoja yake ifungwe. Mtunza kumbukumbu alinakili orodha ya waliohudhuria kutoka kikao kilichopita, kama utaratibu unavyotaka, na Alhamisi ya kwanza saa tatu kasoro dakika tano mama aliingia akitembea kwa miguu yake, amevaa sweta ya kijivu na kandambili za wodini.

"Shikamoo, mama," wakasema.

"Marahaba, wanangu. Leo hamkuhangaika na mlango."

Mabano alimvutia kiti. Akaketi kando yake, akampa mkono, na mama akaushika.

Kazi ya kurekebisha kosa lile haikuwa kubwa. Mabano aliimaliza kwa siku mbili. Mpimaji aliijaribu kwa kuzima na kuwasha umeme mara ishirini, na kila mara pampu iliamka ikikumbuka ilipoishia. Meneja alisaini. Kifungu cha nane kilitaka sahihi moja tu zaidi, ya mwandishi wa programu, ndipo hoja ifungwe na programu mpya iende hospitalini. Karatasi iliwekwa mbele ya Mabano ikiwa na kalamu juu yake. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu baada ya cheti.

Wiki ya tisa, kikaoni, karatasi ilikuwa bado mbele yake. Barua ilikwishatumwa kwa hospitali zote kumi na moja, ikiwashauri wauguzi kuubana mrija kwa kidole kila umeme unapobadilika. Mtunza kumbukumbu ndiye aliyeiandika. Hakuna aliyemwambia Mabano kitu. Kila mmoja wao alikuwa ametoa siku zake na alijua hazirudi. Mpimaji aliitazama meza. Meneja, ambaye hakuwahi kusema siku yake ya pili ilikuwa ya nini, alijisahaulisha kwa kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Kipengele cha kwanza," alisema. "Yatokanayo. Hoja ya mwalikwa."

"Mmeshakirekebisha kile kitu?" mama aliuliza.

"Bado, mama," alisema Mabano. "Bado nakiangalia."

Mama alimtazama mwanawe. Alikuwa amemlea, na alizijua "bado" zake zote, tangu za kuoga.

"Kitanda changu kimepata mtu?"

"Kimepata," alisema Mabano.

"Ana mwana wa kumbania mrija?"

Nje mtu alikuwa akiosha gari, na maji yalisikika yakipiga bati la mlango. Mabano hakuuachia mkono wa mama yake, na mkono wake wa pili haukuigusa kalamu.

"Haya," alisema mama. Kisha akamgeukia mtunza kumbukumbu. "Wewe binti, andika kwamba nimeuliza."

Mtunza kumbukumbu aliandika kwamba ameuliza. Mbele ya swali hilo akaandika hali ya hoja: wazi. Akaandika tarehe ya kikao kijacho, Alhamisi, saa tatu, na katika orodha ya watakaohudhuria akaiacha kila nafasi kama ilivyokuwa.