Simu ya Majaribio

Namba yetu ya msaada ilikuwa imeshabandikwa zahanati zote, ila serikali ilikataa tuanze kazi ya bima ya afya mpaka itukague. Mkaguzi, mama mmoja mpole, angekaa chumba cha pili na kupiga akijifanya mgonjwa. Bosi alikuwa amenikaririsha majibu kama kasuku: salamu, pole, namba ya kadi, subiri.

Simu ikalia.

“Dada, mume wangu kaanguka bafuni, hasemi!” mwanamke alilia.

Huyu mama anajua kuigiza, nikawaza. “Pole sana, mama. Naomba namba ya kadi.”

“Kadi ya nini? Nakwambia hasemi!”

“Tafadhali subiri kwenye laini.”

Nyuma ya kioo, bosi akaninyanyulia dole gumba. Laini ikakatika.

Mkaguzi akaingia ameshika chaja. “Samahanini, simu ilinizimikia hata sijapiga. Tuanze sasa?”

Nikamtazama bosi. Yeye akatazama zulia. “Tuanze,” akasema.

Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Simu ikalia, nikapokea. Salamu, pole, namba ya kadi, subiri.

Tukafaulu bila dosari.