Kifuko Kilicho Karibu na Moyo

Jumanne, tarehe 22 Januari 2008. Kawangware iliamkia mawingu mazito na manyunyu. Hata moshi wa jikoni haukupanda, ulitambaa tu juu ya mabati.

Syombua, ng'ombe wa Ndinda, hakuwa amekula kwa siku tatu, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Alisimama amepinda mgongo, akiguna kila apumuapo. Khaemba seremala alimtazama akakosa pa kuweka uso. Karakana yake kule Makina, Kibera, ilipochomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Ndinda, mjane wa Kitui waliyejuana naye kanisani tu, ndiye aliyempokea yeye na mkewe. Naye kwa kutaka kushukuru akarudi penye majivu, akafyeka nyasi za ukingoni, akazikusanya kwa ufagio, akamletea ng'ombe gunia zima. Seremala mzima alisahau kwamba mbao huungua, misumari haiungui.

"Mama Muia, uza leo akiwa bado anasimama," alisema Mutunga mwenye bucha. "Kesho utauza ngozi."

"Wewe hata ukija kusalimu watu unapima nyama," Ndinda akamjibu. "Ngoja daktari."

Daktari Musimbi alifika kwa miguu kutoka Riruta, maana barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe. Mashine yake aliibeba mgongoni kama mtoto.

"Daktari, nimemlisha misumari," Khaemba akakiri kabla ya kuulizwa. "Sikujua."

"Basi tuone imefika wapi."

Alinyoa manyoya chini ya kifua, nyuma ya kiwiko cha kushoto, akapaka jeli, akakandamiza kipima. Ilikuwa mashine ya picha kama ile wanayopimiwa akina mama wajawazito.

"Kwani ndama amehamia kifuani?" Mutunga akacheka.

"Natafuta kifuko cha mbele cha tumbo. Chuma hutua humo, na moyo uko jirani. Mimba ikikua, husukuma kila kitu mbele. Kifuko kikijikunja, tuna matumaini. Kikiwa kimegandamana, au nikiona maji kando ya moyo, nitawaambia mchinje."

Kwenye kioo, mstari mweupe, ukuta wa kifuko, ulilala tu. Khaemba hakuomba makuu. Aliomba mstari usogee. Ukasogea. Ukajikunja, ukalegea nusu, ukajikunja tena kwa nguvu, kisha ukarudi mahali pake.

Dakika nne zilipokwisha, daktari alikuwa amehesabu mikunjo miwili. "Ng'ombe mzima hufikisha minne. Kifuko chake ni dhaifu, lakini hakijashikana, na moyo hauna maji." Akasogeza kipima ubavuni. "Na ndama huyu hapa anatupiga teke."

Ndinda akapiga magoti palepale kwenye samadi. "Asante, Mungu wangu! Asante!"

Daktari alimmezesha Syombua sumaku ya kushika misumari tumboni, akamdunga sindano, akaagiza miguu ya mbele isimame juu kuliko ya nyuma. Kabla daktari hajafunga mkoba, Khaemba alikuwa amevunja kitanda chake na kupigilia jukwaa.

"Na wewe utalala wapi, baba?" Ndinda akauliza.

"Chini. Na nitalala vizuri." Khaemba akavua kofia, akawageukia mkewe, daktari, Mutunga na majirani waliojaa mlangoni. "Nyinyi nyote mnisikie. Mama huyu alinipokea bila kuniuliza kwetu ni wapi. Hata amani ikirudi kesho, sitahama hapa kabla Syombua hajazaa. Na kila jani atakalokula litapita kwanza kwenye vidole vyangu hivi, Mungu akiwa shahidi, na nyinyi pia."