Mstari wa Ponsian

Mtoto anaweza kukonda, lakini hafupiki. Kulijua hilo hakuhitaji digrii, na mimi digrii ninayo, ya takwimu, iliyonikalisha chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga hapa Mpanda, karibu na stendi, feni ikikoroma na programu ya Stata ikiwa wazi kwenye laptopu. Nilikuwa nimechora urefu wa watoto wote wa mradi tangu kuzaliwa, kila mtoto na mstari wake unaopanda. Katikati yake kulikuwa na mistari iliyopanda kidogo, ikakatika karibu mwaka mzima, halafu ikaanza tena chini kabisa. Watoto walikuwa wamerudi kuwa wachanga.

Nilikasirika, kama ninavyokasirika siku zote nikikuta data chafu. Nikajua ni wale vijana wetu wa vijijini, wanapima watoto huku wanachati.

Mradi ulikuwa wa dawa ya maji ya kukinga malaria kwa watoto wachanga. Vijiji vya bonde la Mpimbwe viligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipelekewa dawa kila mwezi kwa gari la mradi, pamoja na nesi. Fungu jingine watoto walipimwa tu. Mwisho wake tungelinganisha vifo vya huku na vya kule. Tofauti ikionekana, wafadhili wangeongeza miaka na gari lingeendelea kuja. Isipoonekana, tunafunga.

Na tofauti ilionekana. Kwenye vijiji vya dawa vifo vilikuwa nusu ya vile vya upande wa pili. Bosi wetu aliyeko Dar, daktari mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, alinipongeza kwenye simu mpaka nikaona aibu. Nilimwambia baba yangu, Mzee Mbaruku, mwenye duka la vitenge sokoni, naye akawatangazia wateja kwamba binti yake amegundua dawa. Sikumkatalia.

Ilibaki hiyo mistari iliyokatika. Kuifuta ni amri moja tu, na programu haikuulizi kwa nini unafuta. Lakini kabla ya kufuta nikaangalia ilikotoka, nikakuta yote ni ya vijiji vya dawa. Upande wa pili hakukuwa na hata mmoja. Hapo nikaondoa kidole kwenye kitufe, maana uzembe wa vijana ungeonekana pande zote mbili.

Nikamwita Wiliam, msimamizi wa wapimaji, mzaliwa wa huko huko Mpimbwe. Aliitazama skrini, akaomba nimsomee majina. Nikaanza na la kwanza, Ponsian, mama yake Romana. Wiliam akavua kofia.

"Dada Kauthar, hao ni watoto wawili," akasema. "Wa kwanza alishafariki. Aliyemfuata akapewa jina lake."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake. Mwanamke akizaa anaitwa kwa jina la mtoto, na jina hilo halimtoki hata mtoto akiondoka. Kwa hiyo zipo familia ambazo anayefuata anapewa jina lile lile, ili mama asiwe anaitwa kwa jina la kaburi maisha yake yote. Halafu kuna kadi. Mradi uliandikisha watoto wa msimu mmoja tu, na aliyezaliwa baadaye hapati kadi, hapati dawa, wala nesi hamgusi. Romana hakusema amefiwa; alikuwa na kadi ya Ponsian, na mgongoni alikuwa na Ponsian. Kwenye vijiji visivyo na dawa kadi haikuwa na faida yoyote, kwa hiyo waliofiwa walisema wamefiwa.

Nikamuuliza kama vijana wake hawakuona kwamba mtoto wa umri wa kutembea ameletwa akiwa mchanga wa kubebwa. Wiliam akasema waliona. Akaniuliza na yeye, ni nani kati yao angemnyima mtoto dawa mbele ya mama yake. Hasira yangu ikakosa pa kutua.

Utaratibu wetu ulidai kwamba kifo kithibitishwe na mzazi mwenyewe. Tukaondoka asubuhi na gari la mradi, tukapita Sitalike, vioo juu kwa ajili ya mbung'o, mpaka kijiji kimoja cha upande wa Majimoto. Romana alikuwa anapepeta mpunga. Alipoliona gari alifurahi, akaenda kumnawisha mtoto miguu, akidhani ni siku ya dawa. Akatutengea viti na viazi vya kuchemsha. Mtoto alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kukatikakatika, akaja moja kwa moja kuivuta kamba ya kitambulisho changu.

Nikafanya kazi iliyonipeleka. Nikamuuliza Romana kama huyu ndiye Ponsian aliyeandikwa kwenye kadi, akasema ndiye. Nikamuuliza kama ndiye aliyezaliwa mwaka mradi ulipoanza. Akamtazama Wiliam, Wiliam akatazama chini.

"Dada, nyie mnataka niseme nini?"

Nikamwambia nataka ukweli tu. Nilisema kwa sauti ya ofisini, naikumbuka, na mpaka leo naichukia.

Romana akamchukua mtoto, akamgeuza uso begani kwake, akamziba sikio kwa kiganja. "Wa kwanza yuko kule," akasema, akionyesha kwa kidevu upande wa shamba la mihogo. "Alikufa kabla hajasimama. Haya, nimesema. Kadi mnachukua?"

Nikamwambia hapana, kadi hatuchukui. Ni kweli hatukuichukua.

Tulizunguka kwa wengine, na kila mahali ikawa hivyo hivyo. Romana alikuwa ametufungia viazi vilivyobaki kwenye jani la mgomba, na njiani Wiliam hakuvigusa, wala mimi.

Kwenye data yetu, aliye hai ni sifuri na aliyekufa ni moja. Nikaandika amri ya kubadilisha, nikaanza na mstari wa Ponsian, sifuri ikawa moja. Nikamaliza wote, nikarudia uchambuzi kuanzia mwanzo. Jibu lilikuja kabla sijanyanyua mkono kwenye kitufe. Tofauti ilibaki, lakini nyembamba, ya aina ambayo inaweza kutokea kwa bahati tu. Nikajaribu njia nyingine zote halali ninazozijua, nikitafuta upenyo, na jibu halikubadilika.

Nilimpigia bosi. Akauliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Akasema ahsante, hiyo ndiyo kazi yetu. Laiti angeniomba niufiche ukweli, ningepata mtu wa kumchukia. Nilifunga mlango wa kile chumba nikalia, si kwa sababu nilikosea, ila kwa sababu sikukosea na haikusaidia kitu.

Wafadhili walifunga mradi kabla ya mvua. Dereva alilipeleka gari Dar, na Wiliam akarudi kulima. Mimi nilibakizwa na laptopu ili nimalizie ripoti. Nilipokuwa naandika sehemu ya mapungufu ndipo nilipofikiria gari. Kila likija lilirudi na wagonjwa, watoto wenye homa kali, wajawazito, mzee aliyeng'atwa na nyoka, na hakuna aliyewaandika kwa sababu hawakuwa wa utafiti. Hata vijiji visivyo na dawa vilikuwa vinalisimamisha njiani, likawabeba na wao. Tulipima dawa tukasahau kulipima gari, na sasa hakuna hesabu yoyote duniani ambayo ingeweza kulitoa kwenye data ambayo halikuwahi kuingizwa. Niliandika sentensi moja kuhusu hilo. Kwenye nakala ya mwisho iliondolewa, walisema haina ushahidi.

Mvua zikaja, na barabara ya bondeni ikakatika. Siku moja mchana, nikiwa dukani kwa baba, simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya Romana. Namba yangu ilikuwa kwenye kadi.

"Dada, Ponsian hayupo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamuuliza Ponsian yupi.

Nikasikia mvua upande wake. Kisha akanisimulia bila kulia. Homa ilianza mchana, ikampanda kichwani, akaanza kustuka. Kuna pikipiki walikodi ikakwama kwenye tope. Walimbeba kwa miguu kuelekea zahanati, na walipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa. Waliwasubiri watu wa ng'ambo wawasaidie kuvuka, na hapo hapo mtoni pumzi ya mtoto ikaisha. Alilitaja gari mara moja tu, kwamba siku ile alidhani litapita.

"Nilikuwa nataka umwandike," akasema. "Ile siku ulisema mnataka ukweli. Mwandike na huyu, asije akahesabiwa bado yupo."

Nikasogeza majora ya vitenge, nikafungua laptopu pale juu ya kaunta, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kufanya. Nikamtafuta kwa jina. Mstari wa Ponsian ulikuja mmoja, wa yule wa shamba la mihogo, na mwishoni mwake ilikuwepo moja niliyoiweka kwa mkono wangu. Vipimo vya mdogo wake nilikuwa nimevifuta siku ile ile, kwa sababu havikuwa vya mtoto wa utafiti. Kwa programu yangu hakuwahi kuzaliwa, kwa hiyo hakukuwa na mahali pa kuandika kwamba amekufa.

Romana alikuwa bado anasubiri kwenye simu, akaniuliza kama nimeshamwandika.

Nikamwambia nimeshamwandika.

Akashukuru, akasema Mungu akubariki dada, salio likaisha. Baba akaniuliza ni nani, nikamjibu ni mama Ponsian.